Samaki Wazima, Kipimo Chanya: Kusaka Kirusi Kisichojionyesha kwenye Shamba la Samaki wa Baharini

Karatasi ya maabara iko mezani: sampuli sita za ubongo, mbili zimeandikwa "chanya". Nje kwenye kizimba, samaki wa kundi lile lile wanagombea chakula mpaka maji yanapiga povu. Hakuna aliyekonda, hakuna aliyegeuka rangi, na daftari la vifo linaonyesha mmoja au wawili kwa siku, kama siku zote. Mwenye shamba anauliza: nani mwongo, karatasi au samaki?

Mara nyingi hakuna mwongo. Virusi vingi vya samaki wa baharini hukaa mwilini miezi, hata miaka, bila kumsumbua anayevibeba. Shida ni kwamba mfugaji amezoea kumtazama samaki ndipo aseme kuna ugonjwa, na hapa samaki hana la kumwambia. Dalili zipo, ila ziko kwingine: kwa watoto wa samaki huyo, kwa spishi ya jirani, kwenye kipimajoto, kwenye tarehe za daftari.

Na huyu tunayesema "hana dalili" si samaki wa namna moja. Anaweza kuwa ameambukizwa juzi, kirusi bado kinazaana, na wiki ijayo ataanza kuzungukazunguka. Anaweza kuwa aliugua akiwa mdogo akapona, kirusi kikajificha ubongoni au kwenye figo. Huyo ndiye mbebaji. Anaweza kuwa wa spishi isiyougua kirusi hicho, au kirusi chenyewe kikawa cha aina isiyodhuru. Na anaweza kuwa hana kirusi kabisa, kipimo kimenasa mabaki au uchafu. Hatua utakazochukua kwa mmoja zinaweza kuwa kosa kubwa kwa mwingine, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua una yupi.

"Kipimo ni chanya, lakini samaki wanakula vizuri"

Usikimbilie klorini, wala usiitupe karatasi. Piga simu maabara uulize mambo manne: namba ya Ct ya kila sampuli, kiungo kilichopimwa, kama samaki kadhaa walichanganywa kwenye sampuli moja, na kama kidhibiti hasi (ile sampuli isiyo na kitu inayopimwa pamoja na zako) kilitoka safi. Maabara nzuri haichukii kuulizwa.

Ct ni idadi ya mizunguko ambayo mashine ya PCR, ile inayonakili vinasaba, ilihitaji mpaka vinasaba vya kirusi vionekane. Kila mzunguko huzidisha nakala mara mbili, kwa hiyo namba ndogo maana yake kirusi kingi. Tofauti ya mizunguko 3.3 ni sawa na mara kumi. Samaki wa Ct 18 na samaki wa Ct 36 wote wataandikwa "chanya", lakini wa kwanza ana kirusi zaidi ya mara 250,000 kuliko wa pili. Kuwaweka chini ya neno moja ni kama kuuita umande mvua.

Ct 18 kwenye ubongo wa samaki anayeonekana mzima ni jambo la kukunyima usingizi: huenda unamtazama siku chache kabla hajaanguka. Ct 36 inaweza kuwa mbebaji wa muda mrefu, inaweza kuwa mabaki ya maambukizi yaliyokwisha, na inaweza kuwa tone lililoruka kutoka sampuli ya jirani maabara. Kumbuka kwamba PCR husoma vinasaba tu. Haijui kama kirusi kiko hai. Kwa hilo inabidi kirusi kikuzwe kwenye seli, kama zile za SSN-1 na E-11 zinazotumiwa kwa virusi vya jamii ya betanodavirus, na jibu lake huchukua siku nyingi.

Kiungo nacho kina neno lake. Betanodavirus hukaa ubongoni na machoni. Iridovirusi ya Pagrus major, samaki mwekundu anayefugwa Japani, hutafutwa kwenye wengu na figo. Kirusi cha IPN, ugonjwa wa kongosho wa samoni, hujificha kwenye figo. PRV, kirusi kingine cha samoni, iko ndani ya seli nyekundu za damu. Ukipeleka ini kutafuta kirusi cha ubongo, umelipia jibu la "hasi".

Baada ya simu hiyo, rudia kipimo baada ya wiki mbili au tatu, kutoka tangi au kizimba kile kile. Safari hii usichote samaki wa kwanza wanaokuja kwenye chakula. Hao ndio wazima kuliko wote. Tafuta wale wa pembezoni, waliokuwa weusi kidogo, wanaokaa karibu na wavu upande ambako mkondo unatoka nje ya kizimba. Ct ikishuka kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, kirusi kinapanda, jiandae. Ikibaki pale pale juu ya 30 na vifo havijabadilika, yaelekea una wabebaji.

Usisahau kuuliza kama samaki walichanjwa. Kipimo cha kingamwili kwenye damu kitakuwa chanya kwa samaki aliyechanjwa, na hilo halikuambii chochote kuhusu kirusi cha shambani.

Kisha liko swali la aina ya kirusi, na hapa samoni wa Atlantiki wana fundisho lao. Kirusi cha ISA, ugonjwa wa upungufu wa damu wa samoni, kilichojulikana Norwe mwaka 1984 na kuutikisa ufugaji wa samoni wa Chile kuanzia 2007, kina sura mbili. Ile inayoua imepoteza kipande kidogo kwenye jeni moja ya ganda lake. Ile nyingine, HPR0, ina jeni kamili, hukaa hasa kwenye matamvua, hupita kimya bila kumwangusha samaki, na haijakubali kukua kwenye seli za maabara. Mfugaji aliyepata HPR0 hana mlipuko. Lakini ile inayoua inatokana na HPR0, ndiyo maana Shirika la Afya ya Wanyama Duniani (WOAH) limeziweka zote mbili kwenye orodha ya magonjwa ya kuripotiwa. Kwa hiyo karatasi iliyoandikwa "ISA chanya" bila kutaja aina ni nusu ya jibu. Waambie wasome mpangilio wa jeni.

PRV ni kinyume chake kidogo. Samoni wengi wanaofugwa baharini wanacho, wengi wao hawaugui kamwe, na wengine hupata uvimbe wa moyo na misuli. Kukikuta kwa samaki mzima si habari. Kukikuta kwa samaki aliyekufa nako hakuthibitishi kwamba ndicho kilichomuua. Mpaka daktari wa samaki aangalie moyo wenyewe kwa hadubini.

"Wazazi hawana neno, lava wanakufa tangini"

Hapa ndipo kirusi kisichojionyesha kinapoleta hasara kubwa kuliko pengine popote, na mara nyingi ni betanodavirus, kile kinacholeta ugonjwa wa kuharibika kwa ubongo na retina, unaofupishwa VNN. Uliandikwa kwanza mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuanza miaka ya 1990, kwa spishi kama baramundi huko Australia na sibasi wa Ulaya (Dicentrarchus labrax), na tangu hapo umeonekana kwa makumi ya spishi, chewa wakiwemo. Mzazi wa kilo kadhaa anaweza kukibeba maisha yake yote akitaga vizuri. Lava wake, yaani watoto waliotoka tu kwenye yai, wanaweza kufa wote.

Chota lava kwenye bika ya kioo, iweke mbele ya mwanga, utulie dakika tano. Lava mwenye VNN huogelea kama skrubu inayoingia ubaoni: anazunguka kwenye mhimili wake, anasimama, analala ubavu, kisha anashtuka na kuzunguka tena. Wengine huelea juu tumbo likiwa limetuna, kwa sababu kibofu cha hewa kimejaa kupita kiasi. Gusa kioo kwa ukucha. Wazima hukimbia upande mmoja. Hawa hukurupuka kila upande, au hawajui kama umegusa.

Lakini lava hufa kwa mambo mengi, na kila kituo cha kutotolesha kina mtu anayesema "virusi" kabla hajapima oksijeni. Nenda kwa utaratibu.

Matangi yote yanayopata maji kutoka bomba moja yameathirika ndani ya saa chache? Hiyo ni maji: oksijeni, amonia, klorini iliyosahaulika. Kirusi hakiendi kwa kasi hiyo wala kwa usawa huo.

Kuna vipovu kwenye utumbo, mapezi au nyuma ya jicho ukitazama kwa hadubini? Gesi imezidi kwenye maji. Angalia pampu inayovuta hewa.

Lava wanahangaika wima, kichwa juu, kibofu kikiwa hakina hewa kabisa? Hawakuweza kumeza hewa siku walipotakiwa, na kisa chake huwa utando wa mafuta juu ya maji. Angalia kikusanya mafuta. Katika VNN kibofu hufanya kinyume: kinajaa mno.

Umeotesha bakteria na Vibrio wamejaa kwenye sahani? Hapa wengi huteleza. Vibrio utawapata karibu kwenye kila tangi la lava wanaokufa, kwa sababu wao ni walaji wa mizoga. Kuwapata hakumwondolei kirusi hatia. Kama dawa ya bakteria haikubadilisha mstari wa vifo ndani ya siku tatu nne, acha kuiongeza.

Ukibaki na shaka ya kirusi, gawa lava mara mbili: wengine kwenye kimiminika cha kuhifadhi RNA (vinasaba vya kirusi) kwa ajili ya PCR, wengine wazimawazima kwenye fomalini ya asilimia 10 yenye bafa. Wale wa fomalini wakikatwa na kupakwa rangi, ubongo na retina vyenye VNN huonekana vimetobokatoboka kama sponji. Usigandishe wale wa fomalini kwenye friza. Barafu nayo hutoboa seli, na mtazamaji atakaa akijiuliza tundu lipi ni la kirusi na lipi ni la friza yako.

Sasa linakuja swali lenye thamani kuliko yote: kirusi kimetoka kwa wazazi au kimeingia baadaye? Jibu liko kwenye daftari, kama lilijazwa. Chora jedwali la mkono. Mistari iwe mayai: utagaji wa tarehe fulani, kundi fulani la wazazi. Safu za kwenda chini ziwe mazingira: chanzo cha maji, bechi ya rotifa na atemia (vijidudu hai wanavyolishwa lava), mtu aliyehudumia, wavu uliotumika. Tia alama kwenye kila tangi lililoanguka. Alama zikijipanga kwa mstari mmoja, yaani matangi ya mayai yale yale yamekufa ingawa yako kwenye maji tofauti na mikono tofauti, mtazame mzazi. Zikijipanga kwa safu, mtazame mtu, maji au wavu. Niliwahi kukaa na meneja aliyekuwa tayari kuwachinja wazazi wake wote. Tulipochora jedwali, alama zote zilisimama chini ya mpira mmoja wa kufyonzea uchafu uliokuwa ukihama tangi hadi tangi kila asubuhi. Wazazi walipopimwa walikutwa safi. Mpira ulikatwa vipande.

Umri nao husema. Kwa samaki wa jamii ya kolekole wa Japani, Pseudocaranx dentex, vifo vinaweza kuanza siku chache tu baada ya kuanguliwa. Kwa sibasi huchelewa mara nyingi hadi wiki kadhaa. Kadiri vifo vinavyoanza mapema ndivyo kidole kinavyoelekea kwa wazazi.

Kwa mzazi aliye hai huwezi kupima ubongo. Pima majimaji ya ovari wakati wa kutaga, manii ya dume, na mayai yenyewe. Ongeza kingamwili kwenye damu, ambazo zitakuambia kama amewahi kukutana na kirusi hata kama leo hakitoi. Jibu la hasi la mara moja lisikulevye. Mbebaji hutoa kirusi kwa vipindi, na hasa anapochoka: huko Japani, kwa kolekole hao, ilionekana kwamba kutagishwa mara nyingi mfululizo kuliambatana na kirusi kuonekana zaidi. Wajapani walijenga desturi ya kuchagua wazazi kwa PCR kabla ya kutagisha, kupunguza idadi ya utagaji, na kuosha mayai kwa maji ya bahari yenye ozoni. Njia hiyo inasaidia. Ina mipaka miwili: ozoni ikizidi hulifanya ganda la yai kuwa gumu na lava hushindwa kutoka, na haifiki kwa kirusi kilichomo ndani ya yai. Jaribu kwa mayai machache kwanza, spishi kwa spishi.

"Spishi moja inakufa, jirani yake hana habari"

Dorada (Sparus aurata) na sibasi hufugwa bega kwa bega kwenye vizimba vya Mediterania. Aina ya betanodavirus inayoitwa RGNNV huwaua sibasi, hasa wadogo, wakati dorada wa kizimba cha pili wananenepa tu. Ukipima ubongo wa dorada hao unaweza kukikuta kirusi kile kile. Wao ni ghala, na wanaweza kukirudisha kwa sibasi. Kwa hiyo kizimba kilichotulia ndicho cha kupimwa kwanza, na mashua ianzie kwa sibasi iishie kwa dorada, isifanye kinyume.

Usijipe moyo kwamba dorada ni salama moja kwa moja, lakini. Kuna kirusi mseto, kilichochukua kipande kimoja cha vinasaba kutoka RGNNV na kingine kutoka aina ya SJNNV, na hicho huwaua lava wa dorada wenyewe. Betanodavirus ina vipande viwili tu vya RNA, RNA1 na RNA2, na maabara inayosoma kimoja haiwezi kukuambia kama una mseto. Omba vyote viwili.

Jirani mwingine asiyeandikwa kwenye daftari ni samaki wa porini wanaozunguka chini ya vizimba wakiokota chembe za chakula. Na yupo yule unayemnunua mwenyewe: samaki wabichi wa kulishia. Kirusi cha VHS, ugonjwa wa kuvuja damu wa samaki, hupatikana kwa heringi na samaki wengine wengi wa bahari wasio na dalili. Kama unalisha samaki wabichi na unatafuta chanzo, acha kutafuta mbali. Pima ndoo ya chakula.

"Walikuwa salama mpaka joto la maji lilipobadilika"

Samaki ana joto la maji aliyomo, na kila kirusi kina joto lake. RGNNV hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Aina ya BFNNV, inayowapata gayogayo wa maji baridi, hupenda 15 hadi 20. Iridovirusi iliyoonekana kwanza Japani mwaka 1990 kwa Pagrus major huleta vifo majira ya joto, maji yakipita nyuzi 20 hivi. VHS inataka baridi: maji yakipita nyuzi 15 hivi mlipuko hufifia.

Maana yake ni kwamba kundi lile lile laweza kuwa "safi" kwa miezi mitano na kuanguka mwezi wa sita, na hakuna kilichoingia shambani. Kilikuwemo. Chora joto la kila siku na vifo vya kila siku kwenye karatasi moja. Vifo vikianza siku chache hadi wiki mbili baada ya maji kuvuka mstari fulani, na mwaka jana ilikuwa hivyo hivyo, sahau kumlaumu msambazaji wa chakula wa juzi.

Kwa anayenunua vifaranga hili lina ukali wake. Karatasi ya afya iliyotolewa maji yakiwa nyuzi 18 haisemi mengi kuhusu samaki utakaowafuga kwenye nyuzi 28. Chukua vifaranga thelathini au zaidi, watenge kwenye tangi lisilomwaga maji yake popote kabla hayajatiwa dawa, pandisha joto polepole hadi lile la msimu wako mkali, ukae nao wiki tatu. Kisha wapime, hata kama hakuna aliyekufa. Ni kazi, lakini ni nafuu kuliko kuzika kizimba.

"Vifo vinakuja baada ya kuwachambua au kuwahamisha"

Kushikwa, kusongamanishwa, kusafirishwa na kuingizwa maji ya chumvi hupunguza kinga, na mbebaji hugeuka mgonjwa. Samoni wadogo wenye kirusi cha IPN hujulikana kwa kufa wiki za kwanza baada ya kupelekwa baharini. Samoni wakubwa wenye kirusi cha PMCV, kinachoharibu moyo, hufa ghafla, wamenona, karibu na kuvunwa, na ukifungua kifua unakuta damu imejaa kuzunguka moyo. Wakifa ndani ya saa chache baada ya kushikwa, fikiria kwanza oksijeni na majeraha. Wakianza kufa siku ya saba na kuendelea, peleka sampuli.

"Hawafi, ila hawakui"

Anza na vimelea kwenye matamvua, chakula, na msongamano. Kirusi kilichojificha peke yake ni maelezo ninayoyakubali mwisho kabisa, baada ya hayo yote kukanushwa, maana ndiyo kisingizio chepesi kuliko vyote.

"Maabara imesema hasi, mbona moyo hautulii?"

Uliza ulipeleka samaki wangapi. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba utampata angalau mmoja kwenye kundi kubwa ambalo asilimia 10 wameambukizwa, unahitaji samaki 29. Kama walioambukizwa ni asilimia 5, unahitaji 59. Asilimia 2, unahitaji 149. Hesabu hizo zinadhani kipimo hakikosei kamwe. Kama kipimo hunasa wanane kati ya kila kumi wenye kirusi, wale 59 wanakuwa 74. Sasa wafikirie wale samaki sita wa mwanzo wa makala hii: kama wangetoka hasi wote, wasingekuambia karibu chochote.

Kuchanganya samaki kunapunguza gharama, na kunaficha. Ukichanganya ubongo wa samaki watano, kirusi cha mmoja kinachanganyika mara tano na Ct yake hupanda kwa mizunguko 2.3. Kumi, hupanda 3.3. Samaki aliyekuwa Ct 35 peke yake anafika 38 na ushee, mahali ambapo maabara nyingi zimeshaacha kuhesabu. Na mbebaji ndiye huyo huyo mwenye Ct za juu. Kwa mlipuko, changanya upendavyo. Kwa kumsaka mbebaji, hasa mzazi, pima mmoja mmoja.

Maabara mbili zikipingana, angalia kwanza kama zilipokea samaki wale wale, kiungo kile kile, kilichohifadhiwa kwa njia ile ile. RNA huoza upesi. Sampuli iliyokaa mchana kutwa kwenye gari bila barafu itatoa "hasi" ya kweli kwa maabara na ya uongo kwako.

Umethibitisha. Sasa?

Dawa ya kumtibu samaki mwenye kirusi haipo, na antibayotiki haina kazi hapa. Kilichobaki ni kuamua nani akae wapi.

Wazazi wenye jibu chanya waondoe kwenye utagaji. Kama ni wa thamani ambayo huwezi kuipoteza, watenge na uoteshe mayai yao peke yake, kwa maji na vyombo vyake, na lava wapimwe kabla hawajakaribia wengine. Vifaranga walionusurika mlipuko wa VNN wanaweza kukua na kuuzwa kwa kuliwa, kwani virusi hivi havijulikani kumwambukiza binadamu; lakini wasipelekwe shamba lingine, na wasiwe wazazi hata wakiwa wakubwa na wazuri kuliko wote. Kishawishi hicho nimekiona mara nyingi: "hawa wameshinda ugonjwa, ndio mbegu." Ndio ghala.

Kwa sibasi kuna chanjo za kirusi kilichouawa dhidi ya RGNNV, za kudunga. Humlinda kifaranga aliyefikia ukubwa wa kudungwa. Lava hawezi kudungwa, kwa hiyo upande wa kituo cha kutotolesha chanjo haichukui nafasi ya kupima wazazi.

Betanodavirus hakina utando wa mafuta, na hilo ndilo linalokifanya kiwe kigumu: alikoholi ya kupaka mikononi haitegemewi, na kwenye maji ya bahari kinadumu miezi. Maabara ilikiua kwa klorini ya ppm 50 (sehemu 50 kwa milioni) kwa dakika 10, na kwa joto la nyuzi 60 kwa nusu saa. Lakini hayo yalikuwa maji safi. Wavu wenye ute na magamba hula klorini yote kabla haijamfikia kirusi, kwa hiyo sugua kwa sabuni kwanza, suuza, ndipo utie dawa. Taa za urujuanimno nyingi huuzwa kwa kipimo cha kuua bakteria. Muulize muuzaji kipimo cha virusi visivyo na utando, kwa kasi ya maji unayotumia wewe.

Angalia pia kama kirusi chako kimo kwenye orodha ya WOAH au ya mamlaka ya nchi yako. VHS, ISA na iridovirusi ya Pagrus major vimo kwenye ya WOAH. VNN haimo, ingawa nchi nyingine zinaitaka iripotiwe. Kama kimo, kupiga simu ni wajibu hata kama hakuna samaki aliyekufa.

Mwisho chukua kalamu isiyofutika, andika kwenye kila tangi na kila kizimba tarehe ya sampuli iliyopita, Ct, na tarehe ya sampuli ijayo. Iandike juu, mahali ambapo hata mlishaji wa zamu ya usiku ataiona kabla hajachukua wavu.